Je, Wajua? Samaki Anayemkagua Mkandarasi

Je, wajua kwamba baadhi ya mito baridi ya Nyanda za Juu Kusini ilipandikizwa samaki ambaye kwao si popote kusini mwa Sahara?

Anaitwa trauti. Yule wa upinde wa mvua, mwenye utepe wa waridi ubavuni na madoa meusi mpaka mkiani, asili yake ni mito inayomwagika Bahari ya Pasifiki, Amerika Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Yule wa kahawia ni wa Ulaya na kingo zake. Wakoloni waliwaleta kwa sababu moja tu: walitaka kuvua kwa starehe siku za mapumziko. Kenya ilitangulia. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Tanganyika haikukaa nyuma. Nayo ikawapandikiza Kilimanjaro, Meru na huku kusini, kwenye miinuko ambako maji ya asubuhi hukata vidole.

Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai umande huganda kwenye majani ya viazi. Ukiteremka kuelekea Makambako unapita nchi ya vilima na mabonde yenye maji, ambamo kata kama Kichiwa zinaishi kwa viazi, mahindi, miti ya mbao na siku hizi parachichi. Ni nchi ya trauti hata pale asipokuwepo, kwa maana kwamba vijito vyake ni vya aina anayoipenda: baridi, mwendo wa kasi, sakafu ya kokoto. Na ni nchi ya ujenzi. Reli ya TAZARA ilipita Makambako miaka ya 1970, barabara ya lami kwenda Songea ikafuata miaka ya 1980, na baadaye ukaja mradi wa umeme wa msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo pia katika mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022. Maendeleo hayo yote, kwa namna moja au nyingine, lazima yavuke kijito.

Je, wajua safari ya mayai ya trauti? Mwaka 1864 mayai ya trauti wa kahawia yalisafirishwa kwa meli ya Norfolk kutoka Uingereza hadi Australia, yakiwa yamepangwa kwenye kuvumwani yenye majimaji ndani ya masanduku yaliyozungukwa na barafu. Yalikaa baharini karibu miezi mitatu, yakavuka ikweta na joto lake, na baadhi yakaanguliwa Tasmania. Yai lililoweza safari hiyo haliwezi tope la wiki moja. Hapo ndipo ilipo hadithi yetu.

Je, wajua trauti hujengaje kiota? Jike huchagua mahali ambapo maji yanapita upesi juu ya changarawe. Hulala ubavu, akapiga mkia kwa nguvu mpaka shimo lichimbike, akataga, dume akarutubisha, kisha jike akasogea kidogo mbele na kuchimba tena ili changarawe zinazosukumwa na maji zifunike mayai. Maji yakiwa na nyuzijoto 10, mayai hukaa humo takriban mwezi mmoja. Wakishaanguliwa, vifaranga hubaki chini ya kokoto wiki kadhaa zaidi wakila kiini walichozaliwa nacho. Muda wote huo uhai wao unategemea jambo moja: maji safi yenye oksijeni yapenye katikati ya kokoto na yaondoke na uchafu wao.

Sasa lete greda. Udongo mwekundu uliochimbwa kilimani unakaa pembeni mwa barabara ukisubiri kushindiliwa. Mvua ya Desemba inafika kabla ya mitaro kujengwa. Kinachoshuka kijitoni si mawe, ni ule udongo laini kabisa, na ndio wenye madhara makubwa, kwa sababu unaingia kila nafasi kati ya kokoto na kukaa. Siku chache baadaye maji ya juu yametakata, mkandarasi anapiga picha ya kijito cheupe na kuiweka kwenye ripoti. Chini ya maji yale mayai yamekosa hewa.

Kuna mtego mwingine hapo, nao huwanasa hata wataalamu wenye haraka. Samaki wakubwa huvumilia tope la siku chache. Kwa hiyo ukihesabu trauti mwezi baada ya mvua, unaweza kukuta idadi ileile, ukaandika kwamba hakuna athari. Mkaguzi makini hutumia ubao wenye rula: kila samaki hulazwa, hupimwa urefu kwa milimita, akarudishwa majini. Mwaka unaofuata orodha ya urefu ndiyo inayosema. Wakubwa wapo, wa kati wapo, wadogo wa mwaka mmoja hawapo. Kizazi kizima kimeruka, na tarehe yake inaangukia mvua ileile ya kifusi kilichoachwa wazi.

Je, wajua kwamba mahali pa juu kama Njombe kijito kina oksijeni pungufu hata kikiwa safi? Maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko ya moto: usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzijoto 25 hubeba kama 8. Lakini kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, na viwango hivyo hupungua kwa karibu moja ya tano. Trauti wa upinde wa mvua hustawi kati ya nyuzijoto 10 na 16, na karibu na 25 huanza kufa. Kwa hiyo akiba yake huku milimani ni ndogo. Ukifyeka vichaka na miti ya asili kando ya kijito ili upate njia ya mitambo, jua la mchana linamalizia kazi. Na tafadhali, mlingoti, yaani mkaratusi, hauzibi pengo hilo. Kila mtu mkoani Njombe anajua kwamba mlingoti haupandwi kwenye chanzo cha maji, na bado unaonekana humo.

Je, wajua kwamba zege bichi huua samaki bila sumu yoyote ya kiwandani kuongezwa? Saruji ikiwa haijakauka hutoa chokaa, na maji yaliyopita juu yake hupanda kiwango cha pH mpaka 11 au 12. Hayo huchoma matamvua. Kuoshea mashine ya kuchanganyia zege kijitoni, jambo ambalo vibarua hufanya kwa sababu maji yako hapohapo, kunaweza kumaliza samaki wa sehemu ile kwa siku moja. Dawa yake ni shimo la kuoshea lililochimbwa mbali na maji. Haina gharama ya kusumbua mtu.

Na barabara ikishakamilika? Desemba 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamegundua kilichokuwa kikiua samoni aina ya koho katika mito ya mijini kila mvua iliponyesha: ni kemikali iitwayo 6PPD-kwinoni, inayotokana na dawa inayowekwa kwenye matairi ili mpira usichakae. Vumbi la tairi hubaki barabarani, mvua hulisukuma mtoni. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa trauti wa upinde wa mvua naye hudhurika sana, ilhali trauti wa kahawia anaonekana kustahimili. Mtu aliyewahi kusimama njia panda ya Makambako akahesabu malori ya kwenda Tunduma na Songea atajua kwa nini mtaro wa barabara haufai kuishia moja kwa moja kwenye kijito.

Je, wajua samaki huhesabiwaje bila kuukausha mto? Kwanza hupimwa kipande cha kijito, tuseme mita 100, na kuzibwa kwa nyavu juu na chini. Mtaalamu hubeba mgongoni mashine ya betri yenye fimbo. Mkondo wa umeme ukipita majini, samaki huogelea wenyewe kuelekea kwenye ncha chanya, wanalegea kwa sekunde chache, na mwenzake anawachota kwa wavu wa mpini mpaka kwenye ndoo. Kazi hii hufanywa na waliofunzwa, tena kwa kibali. Jirani anayetumbukiza waya wa umeme wa nyumbani mtoni ni mvuvi haramu, na pengine marehemu mtarajiwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mzunguko wa kwanza wamepata samaki 60. Wanawaweka kando, wanarudia kwa nguvu ileile, safari hii wamepata 24. Kwa kuwa walinasa asilimia 60 ya waliosalia kila walipopita na idadi imeshuka kwa uwiano huo, kipande kile kilikuwa na samaki wapatao 100: unazidisha 60 kwa 60, unagawa kwa tofauti ya 60 na 24. Njia nyingine ni ya alama. Unakamata 50, unawatia alama na kuwaachia. Baada ya siku kadhaa unakamata 60 na kukuta 15 wana alama. Basi kijito kina kama 200. Wazo hili lilitokana na kazi ya Mdenmaki Johannes Petersen aliyekuwa akiweka alama samaki wa baharini miaka ya 1890. Siku hizi alama ni kidude cha milimita 12 kinachochomekwa tumboni, hakina betri, nacho hutoa namba yake kikipitishiwa kisomaji, kwa hiyo samaki yuleyule anaweza kufuatiliwa maisha yake yote.

Kuna na njia ya chupa ya maji. Kila kiumbe huacha majini vipande vya vinasaba vyake, kwa magamba, ute na kinyesi. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba chura mkubwa wa Kimarekani anaweza kugunduliwa kwenye dimbwi kwa kupima maji peke yake. Njia hii ni nzuri kwa kujibu yupo au hayupo. Kwa kujibu wako wangapi, bado ndoo na rula vinashinda.

Je, wajua kwamba hesabu bora kuliko zote ni ile ya kabla kazi haijaanza? Katika jimbo la Oregon, Marekani, watafiti walichukua vijito vitatu vya bonde la Alsea, wakavifuatilia kuanzia 1959 hadi 1973. Miaka saba ya kwanza hapakukatwa kitu. Mwaka 1966 msitu wa kijito kimoja, Needle Branch, ulifyekwa wote mpaka ukingoni. Wa pili ulikatwa kwa vipande na ukingo ukaachwa na miti yake. Wa tatu haukuguswa. Trauti wa Needle Branch walipungua vibaya. Wa vijito vingine hawakupata pigo kama hilo. Kwa sababu ya kile kijito cha tatu, hakuna aliyeweza kusingizia ukame au mwaka mbaya. Kwa mkoa wenye mashamba makubwa ya miti kama Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianza tangu 1949, utafiti huo ni wa kusomwa mara mbili.

Tanzania tunayo kesi yetu wenyewe, na ni chungu zaidi. Si ya trauti bali ya chura. Mto Kihansi hushuka kutoka nyanda za Mufindi na Udzungwa kwenda bonde la Kilombero, katika mfumo uleule unaopokea maji ya Ruhuji wa Njombe. Ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza pale mwaka 1996, wakati wanasayansi walipokuta kwenye ukungu wa maporomoko chura wa rangi ya dhahabu, hafikii sentimita tatu, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Duniani kote aliishi hapo tu, kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu, eneo la hekta chache.

Tathmini ya mazingira iliyofanywa kabla ya ujenzi haikuwa imemwona. Mtambo ulipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji yaliacha maporomoko na kuingia kwenye mahandaki. Manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku korongoni ikafungwa mitambo ya kunyunyizia maji, na kwa muda idadi ikapanda mpaka maelfu. Kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoua vyura duniani ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya wajukuu wa wale waliosafiri walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa korongoni. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Lakini gharama ya kuwahesabu viumbe wa mto ule mapema isingefikia hata sehemu ndogo ya bili ya kumsafirisha chura kwenda New York na kumrudisha.

Je, wajua kwamba huhitaji mashine ya umeme wala maabara kukagua kijito cha kijijini? Inua jiwe lililolala penye maji ya kasi, ligeuze taratibu ndani ya sinia jeupe lenye maji. Utaona vidudu bapa vinavyokimbilia upande wa kivuli, vina mikia mitatu myembamba na matamvua yanayotikisika kando ya tumbo. Utaona vingine vyenye mikia miwili na kucha, vinavyokwenda polepole. Utaona kijumba cha mchanga uliogandishwa, kirefu kama nusu kidole, na ukisubiri kichwa kitachungulia. Hao ni watoto wa wadudu warukao, na ndio chakula cha trauti. Wakiwepo aina nyingi, maji ni mazima. Ukikuta minyoo tu na mabuu mekundu yanayojikunja kwenye matope, kijito kimeumwa.

Jambo hilo limewekewa alama rasmi. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Jenny Day na Helen Dallas wa Afrika Kusini, walichapisha mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania uitwao TARISS. Kila familia ya wadudu ina alama zake, ndogo kwa wanaovumilia uchafu na kubwa kwa wanaoudhika upesi. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya familia, unapata wastani wa mto. Vifaa ni wavu, sinia na macho. Kwa maoni yangu shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa baiolojia anayependa kazi yake inaweza kuanza hata kesho, na takwimu za miaka mitano za wanafunzi zitakuwa na thamani kubwa kuliko ziara moja ya mshauri mwelekezi.

Na je, wajua kwamba trauti mwenyewe ni mtuhumiwa? Trauti wa upinde wa mvua na wa kahawia wote wamo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani iliyotolewa na Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira. Nchini Afrika Kusini imeonekana kwamba mito iliyopandikizwa trauti hupungukiwa na viluwiluwi na samaki wadogo wa asili. Huku kwetu vijito vya milimani vina kambare wadogo waishio chini ya mawe, wa jenasi za Amphilius na Chiloglanis; hawa wa pili hujishikiza kwenye mwamba kwa mdomo ili wasisombwe. Hawana sifa wala wavuvi wa kitalii, lakini wanahitaji maji yaleyale safi na kokoto zilezile zisizo na tope. Basi palipo na trauti tayari, ahesabiwe na atumike kama kipimo. Pasipo naye, asipelekwe. Kambare wetu wahesabiwe badala yake.

Je, wajua tope la huku huishia wapi? Mashariki ya mgongo wa Njombe maji hushuka Kilombero, ardhi oevu iliyoingia katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002. Upande wa Usangu huingia Ruaha Mkuu. Njia zote mbili hukutana katika Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Udongo uliotoroka kwenye tuta la barabara huku juu una safari ndefu, na kila mahali utakapotua kuna atakayelipa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanaijua namba hiyo vizuri, maana wamekuwa wakifukuzwa nayo bondeni kila kiangazi. Ni haki kambi ya mkandarasi na lundo la moramu vipimwe kwa futi kamba hiyohiyo. Sheria hiyohiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na mpango wa ufuatiliaji, na inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kichiwa au popote mradi unapokuja: mkutano wa kijiji ukiitishwa, uliza swali moja kabla ya kuuliza ajira. Nani amehesabu viumbe wa kijito hiki, lini, na karatasi iko wapi? Kama haipo, Kamati ya Mazingira ya kijiji ichukue chupa angavu, ijaze maji ya kijito juu na chini ya eneo la mradi, ipige picha, igeuze mawe kumi kila upande, iandike ilichokikuta na tarehe, kisha nakala ipelekwe ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Ifanyike kabla greda halijashushwa kwenye lori.